Wakuu, 4,294,967,297 ni namba tasa au siyo? Ubaoni wameandika ni tasa

#1 Mwalimu_Gungu
Habari wakuu. Kwenye ubao wa kikundi cha hesabu hapa Kigoma mjini kumeandikwa kuwa 4,294,967,297, yaani 2^32 + 1, ni namba tasa. Hoja zilizowekwa ni mbili. Ya kwanza: ndugu zake wadogo wote ni tasa. Chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ongeza 1, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Hakuna hata moja inayogawanyika. Ya pili: imepita kipimo cha 2. Ukipandisha 2 kwa kipeo cha namba hiyo pungufu ya 1, kisha ukagawanya kwa namba yenyewe, baki ni 1, kama namba tasa inavyotakiwa kutoa. Naomba hoja zenu, na naomba hatua za mkono. Jibu la mashine peke yake halifundishi mtu.

#2 KibiriziJr
Siyo tasa. Ni 641 × 6,700,417. Mwanahisabati Euler alishaonyesha mwaka 1732. Uzi ufungwe.

#3 Binti_Ujiji
Usifungwe, Mwalimu ameomba hatua. Tuanze kwa kuhakiki alichoandika KibiriziJr:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla = 4,294,967,297

Ukitaka uhakika wa pili, tumia 9. Tarakimu za 641 zinajumlika 11, kisha 2. Za 6,700,417 ni 25, kisha 7. Mbili mara saba ni 14, yaani 5. Za namba kubwa ni 59, kisha 14, kisha 5. Zimekubaliana. Lakini kipimo cha 9 hakioni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kwa hiyo ongeza cha 11: anzia kulia, jumlisha, toa, jumlisha, toa. 641 inatoa 3, 6,700,417 inatoa 9, na 27 kwa 11 baki ni 5. Namba kubwa inatoa hasi 17, ongeza 22, unapata 5. Hapo mkono umetosha.

#4 Fundi_Simu_Mwanga
Angalizo kwa watakaoshika kikokotoo. Cha tarakimu 8 hakiwezi hata kuiandika, maana namba ina tarakimu 10. Vile vya mezani vya tarakimu 12 vinavyotumiwa madukani hapa Mwanga vinaibeba bila shida. Mtego uko kwenye vya wanafunzi vya tarakimu 10. Gawanya kwa 3 uone: jibu la kweli ni 1,431,655,765.67, lakini kioo kimejaa, kwa hiyo kinakadiria na kuonyesha 1431655766 bila nukta yoyote. Mtu anapiga kelele kwamba 3 ni kigawo! Siyo. Jumla ya tarakimu ni 59, na 59 haigawanyiki kwa 3. Kuanzia 5 kwenda juu mtego huo haupo, kwa sababu jibu linabaki na nafasi ya desimali.

#5 Mzee_Mwandiga
Na majedwali ya tarakimu nne yasiguswe kabisa hapa. Logi ya 2 mle ndani ni 0.3010. Zidisha kwa 32 unapata 9.6320, ukirudi nyuma inakuja 4.285 na kitu mara bilioni. Namba halisi ni 4.295. Hilo 0.00003 lililokatwa kwenye logi limezidishwa mara 32, nawe umepotea karibu milioni kumi. Kutafuta vigawo kunataka namba kamili hadi tarakimu ya mwisho.

#6 Mtu_wa_Kasulu
Kuna njia isiyohitaji kuandika namba kubwa hata kidogo. Fanya kazi na mabaki ya 641 tu, ukipandisha kipeo cha pili kila hatua:

2^4 = 16
2^8 = 256
2^16 = 65,536. Toa 641 × 102 = 65,382, baki 154
2^32: 154 × 154 = 23,716. Toa 641 × 36 = 23,076, baki 640

Ongeza 1, unapata 641, yaani baki sifuri. Umemaliza. Wengi wanakosea kwenye 154 kwa sababu wanasahau kutoa baki kabla ya kupandisha tena, wanaanza kuzidisha 65,536 kwa 65,536 na karatasi inajaa.

#7 Mzee_Mwandiga
Fupi zaidi ya #6, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Angalia sura mbili za 641:

641 = 5 × 2^7 + 1
641 = 5^4 + 2^4

Kutoka ya kwanza, 5 × 2^7 ina baki hasi 1, yaani imepungukiwa 1 tu igawanyike kwa 641. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 ina baki 1. Kutoka ya pili, 5^4 ni sawa na hasi 2^4. Weka mahali pake: hasi 2^32 ina baki 1. Kwa hiyo 2^32 + 1 inagawanyika kwa 641. Hakuna kugawanya, hakuna kukopa.

#8 KibiriziJr
Mzee wangu, nzuri sana, lakini #6 na #7 zote zinaanza na 641 mkononi. Aliyeandika ubaoni hana 641. Atatoa wapi? Akianza kujaribu tasa moja moja, 641 ni ya 116 kwenye orodha. Na asipoiona mapema, ana tasa 6,542 chini ya 65,536 za kupitia.

#9 Isevya_Tabora
Hapo ndipo penye utamu, na mmetuita watu wa Tabora bila kujua. Huhitaji kupitia zote 116. Chukua tasa p inayogawanya 2^32 + 1. Basi 2^32 ina baki hasi 1 kwa p, na 2^64 ina baki 1. Kipeo kidogo kabisa kinachorudisha 2 kwenye 1 lazima kigawanye 64, lakini hakiwezi kuwa 32 wala chini yake, maana kwenye 32 tuko hasi 1. Kwa hiyo ni 64 yenyewe. Na kwa kanuni ya mwanahisabati Fermat, ile ile ya kipimo cha 2 cha #1, kipeo hicho kinagawanya p − 1. Hivyo p = 64k + 1.

Orodha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Mabaki ya namba yetu kwa mfuatano huo ni 109, 2, 325, 288 na 0. Tano tu!

#10 Chumvi_Uvinza
#9 ni sahihi lakini bado umebeba mzigo wa bure. Édouard Lucas mwaka 1878 alionyesha kuwa sharti ni kali zaidi: p = 128k + 1. Hapo 193, 449 na 577 zinatoka zenyewe. Zinabaki 257 na 641.

Na 257 pia itoke, kwa sababu ni mmoja wa ndugu zake. Tazama:

3 × 5 = 15 = 17 − 2
15 × 17 = 255 = 257 − 2
255 × 257 = 65,535 = 65,537 − 2
65,535 × 65,537 = 4,294,967,295 = namba yetu − 2

Kila ndugu mdogo akigawanya namba yetu anaacha baki 2. Ndiyo ile 2 uliyoipata mwenyewe kwa 257. Kwa hiyo tasa ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa ni 641. Jaribio la kwanza, limeshika.

#11 Mwalimu_Gungu
Mkuu Chumvi_Uvinza, hilo la 128 linatoka wapi? 64 nimeielewa.

#12 Chumvi_Uvinza
Mwalimu, p tayari ni 64k + 1, kwa hiyo ukiigawanya kwa 8 inabaki 1. Kwa tasa za namna hiyo, 2 yenyewe ni kipeo cha pili cha namba fulani x ukihesabu kwa mabaki ya p. Kama 2 = x^2 na 2 inahitaji kipeo cha 64 kurudi kwenye 1, basi x inahitaji 128. Na kipeo hicho cha x nacho lazima kigawanye p − 1. Basi.

#13 Binti_Ujiji
Turudi kwenye hoja ya pili ya #1, maana hakuna aliyeijibu. Kipimo cha 2 kimepita kweli, hesabu ya ubaoni haina kosa. Kosa ni kuamini kwamba kupita kunathibitisha utasa. 2^64 ina baki 1 kwa namba yetu, tumeshaona. Namba yetu pungufu ya 1 ni 2^32, na 2^32 inagawanyika kwa 64. Kwa hiyo baki ya 1 ilikuwa lazima itokee, namba iwe tasa isiwe tasa. Ndugu wote wa ukoo huu wanapita kipimo cha 2. Hakichuji chochote hapa.

#14 Mtu_wa_Kasulu
Naongezea kwa dada: tumia 3 badala ya 2. Kipimo cha Pépin, 1877. Anza na 3, pandisha kipeo cha pili mara 31, kila mara ukichukua baki. Namba ikiwa tasa lazima uishie na hasi 1, yaani 4,294,967,296. Hapa unaishia na 10,324,303. Siyo tasa, na umelijua hilo bila kuona kigawo chochote.

#15 KibiriziJr
Kuzidisha tarakimu kumi kwa kumi mara zaidi ya ishirini ili ujue kitu ambacho #10 anakijua kwa kugawanya mara moja? Hapana, kaka.

#16 Mtu_wa_Kasulu
Kwa namba hii uko sahihi. Kwa ndugu zake wakubwa, ambao vigawo vyao vina tarakimu nyingi, #10 atagawanya hadi azeeke na Pépin atakuwa ameshamaliza.

#17 Fundi_Simu_Mwanga
Wanaotaka kupima kwa programu, sikilizeni kwanza. Namba hii imeizidi 2^32 kwa 1. Ukiiweka kwenye namba ya biti 32 katika lugha ya C, inageuka kuwa 1. Programu inatafuta vigawo vya 1, haioni, inaandika "tasa". Kosa liko kwenye chombo.

Ukihamia biti 64 zisizo na alama ya hasi, bado kuna shimo moja. Mabaki yanafika hadi 2^32 yenyewe, na kipeo chake cha pili ni 2^64, ambayo haiingii. Inakuwa 0. Kwenye kipimo cha 2 unaangukia shimo hilo hilo, kwa sababu 2^32 ndiyo hasi 1 yetu, na badala ya kupata 1 unapata 0 hadi mwisho. JavaScript nayo inashika namba nzima kwa uhakika hadi 2^53 tu, na mazao ya kati yanavuka hapo mapema. Kwenye Python andika pow(3, 2**31, 4294967297), utapata 10324303 kama alivyosema #14.

#18 Kitete_Kwetu
Kwa hiyo hii ndiyo namba kubwa kuliko zote kwenye biti 32? Ndiyo maana anwani za intaneti zimeisha?

#19 Fundi_Simu_Mwanga
Hapana. Kubwa kuliko zote kwenye biti 32 ni 4,294,967,295, pungufu ya 2. Anwani za IPv4 ni 4,294,967,296 ukihesabu na sifuri. Yetu iko moja mbele ya hapo.

#20 Chumvi_Uvinza
Na hiyo 4,294,967,295 msiipite haraka. Ni zao la ndugu watano wa #10. Gauss mwaka 1796 alionyesha kuwa umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari tu, na kanuni yake inaruhusu pande zozote zinazotokana na kuzidisha ndugu tasa wasiojirudia. Wantzel mwaka 1837 akathibitisha kuwa nje ya hapo, ukiacha kuzidisha kwa 2, haiwezekani. Kwa kuwa tunawajua ndugu tasa watano tu, umbo lenye idadi kubwa zaidi ya pande, iliyo witiri, tunalojua kuwa linachoreka lina pande 4,294,967,295. Lingekuwepo kubwa zaidi kama namba yetu ingekuwa tasa. Na 641, ingawa ni tasa, pande 641 hazichoreki.

#21 Isevya_Tabora
Naleta njia nyingine ambayo haijatajwa. Namba tasa ikiandikika kama jumla ya vipeo viwili vya pili, inaandikika kwa namna moja tu. Hii yetu ina namna mbili:

65,536^2 + 1^2
62,264^2 + 20,449^2

Hapo tayari imekufa. Na vigawo vinatoka hivi. Tofauti: 65,536 − 62,264 = 3,272 na 20,449 − 1 = 20,448. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake ni 8. Jumla: 65,536 + 62,264 = 127,800 na 20,449 + 1 = 20,450. KKS yake ni 50. Chukua nusu ya kila moja: 4 na 25. 4^2 + 25^2 = 16 + 625 = 641. Kisha 3,272 ÷ 8 = 409 na 20,448 ÷ 8 = 2,556, na 409^2 + 2,556^2 = 6,700,417. Vigawo vyote viwili vimetoka bila kugawanya namba kubwa hata mara moja.

#22 KibiriziJr
Na 62,264 uliipataje? Ukishuka kutoka 65,536 moja moja ni hatua 3,272, kila hatua unauliza kama kilichobaki kina kipeuo cha pili kamili. Watani wa Tabora mnapenda kuzunguka.

#23 Isevya_Tabora
Tunazunguka tukifika na asali. Angalia tarakimu za mwisho, nyingi zinatoka bila kuhesabu kipeuo: kipeo cha pili hakiishii na 2, 3, 7 wala 8. Lakini nakubali, #10 ni fupi. Yangu inaonyesha kitu ambacho yake haionyeshi: 25 × 409 = 10,225 na 4 × 2,556 = 10,224. Tofauti ni 1, na hiyo ndiyo ile 1 ya mwisho kwenye 2^32 + 1.

#24 Mwalimu_Gungu
Ahsanteni. Swali jingine: 6,700,417 yenyewe tumethibitisha ni tasa, au tunaamini tu?

#25 Binti_Ujiji
Ni tasa, Mwalimu, na kwa mkono ni kazi ndogo. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na kitu. Kigawo chake chochote ni kigawo cha namba kubwa pia, kwa hiyo lazima kiwe 128k + 1. Kuanzia 129 hadi 2,561 ziko ishirini, na zilizo tasa ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki kwa mfuatano: 170, 44, 120, 334, 622. Hakuna sifuri. Imekwisha. Msiache 641 kwa kudhani imeshatumika, maana ingeweza kugawanya mara mbili.

#26 Kitete_Kwetu
Nimegawanya 1 kwa 641 na tarakimu hazijirudii mapema. Kuna kitu hapo?

#27 Mzee_Mwandiga
Kipo, tena kizuri. Zinajirudia baada ya 32. Nusu ya kwanza ni 0015600624024960 na ya pili ni 9984399375975039. Jumlisha nusu hizo uone: 9 tupu kumi na sita.

Sababu iko kwenye #7. Kwa mabaki ya 641, 5^4 ni hasi 2^4, kwa hiyo 5^8 ni sawa na 2^8. Basi 10^8 = 2^8 × 5^8 ni sawa na 2^16, ile 154 ya #6. Ipandishe, 10^16 ni sawa na 2^32, yaani hasi 1. Kwa hiyo 641 inagawanya pia 10,000,000,000,000,001, na jibu ni 15,600,624,024,961. Kigawo kimoja, namba mbili kubwa, kwa sababu ile ile.

#28 KibiriziJr
Sasa mnieleze jambo moja. Fermat ndiye aliyedai mwaka 1640 kwamba ukoo wote ni tasa. Mwaka huo huo alipata kuwa 223 inagawanya 2^37 − 1, kwa sababu alijua vigawo vya namba ile vina sura ya 74k + 1. Mtu mwenye silaha hiyo anakosaje 641?

#29 Binti_Ujiji
Aliangushwa na kipimo cha 2. Kanuni ni yake mwenyewe, aliipima namba hii, ikapita, akaridhika. Kosa lile lile la ubaoni.

#30 Chumvi_Uvinza
Sikubaliani. Barua yake kwa Pascal ya 1654 inaonyesha alijua hana uthibitisho kamili, na alimwomba Pascal asaidie. Aliyedhani kipimo cha 2 kinathibitisha asingeomba msaada. Mimi naona alijaribu tasa za 64k + 1 akateleza kwenye hesabu. Zilikuwa tano tu, na kugawanya tarakimu kumi kwa tatu kwa kalamu ya manyoya, ukikosea kukopa mahali pamoja, 0 inageuka kuwa kitu kingine.

#31 Mtu_wa_Kasulu
Na mimi nasema alivutwa na mfuatano. 3, 5, 17, 257, 65,537. Tano mfululizo bila kasoro zinamtosha mtu kuamini, na anayeamini hatafuti kwa jicho la kukanusha. Goldbach alipomwandikia Euler mwaka 1729, aliuliza akiwa na shaka, na Euler alitafuta akiwa na shaka.

#32 KibiriziJr
Lakini Euler naye alipotoa 641 mwaka 1732 hakueleza njia. Uthibitisho wake wa 64k + 1 ulikuja miaka baadaye. Inawezekana kabisa aligawanya tu.

#33 Isevya_Tabora
Inasimuliwa kuwa Zerah Colburn, mtoto wa Marekani aliyezaliwa 1804, aliulizwa vigawo vya namba hii huko London akataja 641 kichwani. Naye hakueleza njia.

#34 Chumvi_Uvinza
Euler hakugawanya tu. Mtu asiye na sura ya kigawo angepitia tasa 115 za mbele, na kwenye maandishi yale angalau angelalamika! Alikuwa na sharti, uthibitisho ndio ulikuwa haujakamilika.

#35 Binti_Ujiji
Hilo ni dhana, kama yangu ya #29. Tofauti ni kwamba kipimo cha 2 kiko kwenye barua za Fermat za mwaka ule ule, na kuteleza kwa kalamu hakupo popote.

#36 Mwalimu_Gungu
Nimechukua #10 na #13 kwa ajili ya ubao. Anayefuata ni 2^64 + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617. Sharti litakuwa 256k + 1?

#37 Chumvi_Uvinza
Ndiyo, 256k + 1. Kigawo kidogo ni 274,177, ambapo k ni 1,071, na kingine ni 67,280,421,310,721. Landry alikipata mwaka 1880. Usigawanye namba yenyewe, fanya kama #6: kwa kila tasa pandisha kipeo cha pili kuanzia 2^16 hadi 2^64 kwa mabaki, hatua mbili tu. Anza kwa kuondoa k zinazotoa namba inayogawanyika kwa 3, 5 na 7, utapunguza zaidi ya nusu ya orodha kabla hujaanza.

#38 KibiriziJr
Naanzia k = 3, ile inayotoa 769. Atakayeanzia k = 500 kwenda juu ajitokeze.